Kusahau kwa Mwanafunzi

Mfinyanzi huujua udongo wake kabla ya kuufinyanga, na seremala huujua mti wake kabla ya kuupiga randa. Katika mafundi wote, mwalimu ndiye aliyepewa kazi juu ya kitu asichokiona wala kukigusa, na ambacho kwa karne nyingi hapakuwa na mtu wa kumweleza kimeumbwaje. Kitu hicho ni ubongo wa mtoto. Chuoni mwalimu hufundishwa kutunga azimio la kazi na andalio la somo, kupanga madawati na kujaza daftari la mahudhurio. Juu ya yale yanayotokea kichwani mwa mtoto anapojifunza, na yale yanayotokea anaposahau, aghalabu huambiwa maneno machache, nayo hupita upesi kama manyunyu ya kiangazi.

Yuko mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika Kasulu ambaye maneno hayo machache hayakumtosha, ingawa ilimchukua miaka mingi kujua ya kuwa hayakumtosha. Kasulu ni nchi ya Waha, katika nyanda za juu za Kigoma zinazopakana na Burundi. Udongo wake ni mwekundu, migomba na maharage hustawi, na miti ya myombo huanza pale mashamba yanapokoma. Mtoto wa kijijini huko hunyonya Kiha pamoja na maziwa ya mama yake. Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi, wengi hukutana nacho sawasawa mlangoni pa darasa, na baada ya miaka kadha, kama amefika sekondari, hukutana na Kiingereza kwa njia iyo hiyo.

Katika darasa la mwalimu huyu walikuwako watoto themanini na zaidi. Yeye husema, "Mmea hujitengenezea chakula chake kwa msaada wa mwanga wa jua," na watoto themanini hurudisha maneno hayo kwa sauti moja, mara tatu, mara nne, hata bati la paa likavuma. Mpita njia aliyesikia mvumo ule alisema moyoni, "Watoto wanasoma." Mwalimu naye alisema hivyo hivyo. Siku ya mtihani karatasi nyingi zilirudi tupu, na mwalimu akahuzunika, na katika huzuni yake akashika fimbo, kwa kuwa hakuona sababu nyingine ya mtoto kusahau jambo alilolitamka mara nne isipokuwa uvivu au uzito wa akili.

Alikuwako mvulana mmoja aliyekaa karibu na dirisha. Katika kuitikia, sauti yake ilisikika kupita za wenzake; katika mtihani, karatasi yake ilikuwa nyeupe kuliko zote. Mwalimu alimwita mzito mbele ya darasa. Hakumwita mara moja tu. Alimwita hivyo mpaka watoto wengine wakalifanya neno hilo jina lake. Alipokuwa darasa la tano mvulana aliacha kuja. Jina lake lilipigwa mstari mwekundu katika daftari la mahudhurio, na kwa kuwa madawati hayakutosha, nafasi yake ilijazwa siku ile ile.

Miaka ilipita. Siku moja sokoni Kasulu mwalimu alisimama mbele ya madumu ya asali, na mwuzaji akamwamkia, "Shikamoo Mwalimu." Alikuwa yule mvulana, sasa mtu mzima mwenye ndevu. Walijuliana hali, na kwa kutafuta neno la kusema mwalimu alimwuliza ana mizinga mingapi porini. Alijibiwa ni arobaini na mitatu. Kisha, bila ya kuulizwa, yule mtu akaanza kuieleza: kumi na mmoja imo katika mininga ng'ambo ya kijito, sita ilihamwa na nyuki wakati wa moto wa kiangazi kilichopita na miwili kati yake imerudiwa, mmoja ulio katika mti uliopinda hutoa asali nyeusi, ule wa jirani yake hutoa nyeupe. Akataja na wadeni wake, kila mtu na dumu zake, tangu msimu wa nyuma.

"Umeyaandika wapi yote haya?" mwalimu aliuliza.

Yule mtu alicheka kwa heshima. "Mimi na daftari hatukupatana, Mwalimu, wewe mwenyewe wajua. Huyaweka kichwani tu. Kabla sijafika kwenye mti hujiuliza niliuacha namna gani siku ile. Nikishajibu ndipo hupanda kutazama kama nimesema kweli."

Mwalimu alinunua asali ambayo hakuihitaji na akaenda zake. Usiku ule hakulala vema. Mtu aliyeweza kushika habari za mizinga 43 na madeni ya soko zima hakuwa mzito wa akili wakati wowote wa maisha yake. Hapo basi palikuwa na kosa mahali fulani, na kwa kuwa halikuwa katika kichwa cha mtoto, hapana budi lilikuwa mbele ya ubao.

Ndipo alipoanza kutafuta vitabu. Alijifunza kwanza ya kuwa ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na gramu mia nne hivi, nao hutumia kadiri ya sehemu moja katika tano za nguvu za mwili uliopumzika. Kwa hiyo mtoto aliyekuja shule bila ya kula, anayelala juu ya dawati saa tano, hafanyi jeuri. Alijifunza ya kuwa seli za neva zilizomo, kwa hesabu iliyotangazwa mwaka 2009 na wachunguzi wa Brazili, hukaribia 86,000,000,000. Kila seli ina matawi ya kupokea habari na mkia wa kupeleka; mkia hauligusi tawi la jirani, bali baina yao upo ufa mwembamba mno uitwao sinapsi, na kwa sehemu kubwa habari huvuka ufa huo kwa kemikali. Mwaka 1949 Mkanada Donald Hebb aliandika ya kuwa seli zinapoamka pamoja mara kwa mara, kiungo baina yao huimarika. Aliyasema hayo kwa kukisia. Mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo, waliofanya kazi yao Oslo, walitangaza ushahidi wa jambo la namna hiyo katika ubongo wa sungura.

Maana yake kwa mwalimu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kujifunza ni badiliko la mwili. Mtoto aliyejua leo jambo ambalo jana hakulijua si mtoto yule yule. Kiungo fulani ndani yake kimekuwa na nguvu, kingine kimelegea. Mtu wa Kasulu haoni taabu kulifahamu jambo hili, maana anazijua njia za miguu zinazopita katika majani. Njia ikipitwa kila mara huonekana hata usiku. Ikiachwa kwa masika moja majani huifunika. Hata hivyo mfano huu una kasoro. Njia ya majani haijali kama apitaye ameitafuta au ameongozwa kwa mkono. Njia ya ubongo hujali sana.

Jambo hili la kutafuta na kuongozwa ndilo lililomsumbua mwalimu kuliko mengine yote. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walitangaza majaribio yaliyofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Marekani. Kundi moja lilisoma habari fulani mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja tu, kisha mara tatu likajaribu kuikumbuka bila ya kuitazama. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne walikumbuka zaidi: 83 katika mia, na wenzao 71. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walikumbuka 40 katika mia, na wale waliojitaabisha kukumbuka walishika 61. Mwalimu alizisoma tarakimu hizi akamkumbuka mrina asali anayejiuliza chini ya mti kabla ya kupanda. Hakuna aliyemfundisha. Msitu ulimtaka akumbuke, naye akakumbuka. Darasa lilimtaka aitikie, naye akaitikia kwa sauti kuu.

Maana kuitikia si kukumbuka. Mtoto anayerudisha neno ambalo bado linalia masikioni mwake halitafuti popote. Amelipokea kwa sikio na kulitoa kwa kinywa, na ubongo wake haukuombwa kitu kingine. Mwalimu husikia sauti themanini akadhani amesikia elimu themanini. Yawezekana kati ya hizo ni tano tu zilizojua zinasema nini, na nyingine zote zimebebwa na mawimbi.

Tena liko jambo la lugha. Katika mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu juu ya kumbukumbu. Alijifanya mwenyewe kuwa mwanafunzi na mtahini, akatunga silabi 2,300 hivi zisizo na maana yoyote, akazikariri kwa mafungu, kisha akapima muda uliohitajika ili azijue upya. Aliona ya kuwa kusahau ni kwepesi mno mwanzoni: baada ya saa moja zaidi ya nusu ya taabu yake ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja thuluthi mbili hivi. Alizichagua silabi zisizo na maana kwa kusudi, kwa sababu alijua ya kuwa maneno yenye maana hushikamana na mambo ambayo mtu anayajua tayari, na kushikamana huko kungeharibu kipimo chake.

Mwalimu aliposoma habari hii alifunga kitabu akaenda kusimama nje. Lile ambalo Ebbinghaus alilifanya kwa kusudi, ili kupima kumbukumbu iliyo uchi, yeye alikuwa akiwafanyia watoto wa Kasulu bila ya kujua. Kwa mtoto wa darasa la kwanza aliyekuja na Kiha tu, maneno "mmea hujitengenezea chakula" ni silabi. Kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyeshindiliwa maelezo ya Kiingereza apate kuyatapika siku ya mtihani, maneno yale ni silabi vilevile, tena ndefu zaidi. Na iko sababu nyingine ya kuongeza. Nafasi ambayo akili hufanyia kazi kwa wakati mmoja ni ndogo. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika ya kuwa mtu huweza kushika vitu saba hivi kwa mara moja, na wachunguzi wa baadaye wamepunguza idadi hiyo hata vinne hivi. Mtoto anayetumia nafasi zote nne kwa kupigana na maneno hana nafasi iliyobaki ya kuliwaza jambo lenyewe. Mtu akimtazama atamwona ameduwaa, na atasema ni mjinga.

Wala hapana ugomvi kati ya Kiha na Kiswahili katika jambo hili. Lugha hizi mbili ni ndugu. Zimejengwa kwa ngeli na viambishi vya ukoo mmoja, na mtoto aliye nayo moja ana nusu ya msingi wa nyingine. Kosa ni kumtaka aivue ile ya kwanza mlangoni kama kandambili. Mama yake amemwonyesha mara ngapi ya kuwa maharage yaliyopandwa chini ya kivuli cha mgomba uliosongamana hudhoofu? Habari ya mwanga wa jua anayo. Anachokosa ni mtu wa kumwuliza habari hiyo kabla ya kumwandikia ubaoni.

Yako na mambo aliyoyakuta ambayo ni bora yaachwe. Katika semina moja alipata kuambiwa ya kuwa binadamu hutumia sehemu moja tu katika kumi za ubongo wake, na ya kuwa wako watoto wa upande wa kushoto na watoto wa upande wa kulia. Maneno haya ni matamu, nayo husafiri mbali. Lakini si kweli. Sehemu zote za ubongo zina kazi, na pande zote mbili hushirikiana katika kila somo. Mwalimu alikuwa ameyaandika kwa wino wa rangi katika daftari lake, akayafuta.

Habari ya Henry Molaison ilimkaa zaidi. Mtu huyu wa Marekani alipasuliwa ubongo mwaka 1953, akiwa na miaka 27, ili apone kifafa, na sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi ikaondolewa pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hata alipokufa mwaka 2008 hakuweza kushika habari mpya. Aliyezungumza naye akatoka na kurudi alipokewa kama mgeni. Hata hivyo mtaalamu Brenda Milner alipomfunza kuchora nyota kwa kutazama mkono wake katika kioo, mkono uliendelea kuwa stadi siku baada ya siku, ijapokuwa mwenyewe aliapa hajapata kuifanya kazi ile. Kumbukumbu, basi, si ghala moja. Mwalimu alitambua kwa nini mtoto anayeandika mwandiko mzuri huweza kukosa kujua alichokiandika: mkono umejifunza, na mwenye mkono bado.

Hipokampasi hiyo hufanya sehemu ya kazi yake usiku. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walitangaza ya kuwa seli zilizoamka pamoja panya alipokuwa akitembea ziliamka pamoja tena alipolala, kana kwamba safari ilikuwa ikirudiwa. Uchunguzi mwingi baada ya hapo umeonyesha ya kuwa usingizi huyaimarisha yaliyosomwa mchana. Katika bweni ambako wanafunzi huzimiwa taa usiku wa manane na kuamshwa saa kumi alfajiri ili wakariri, usingizi huhesabiwa kuwa adui wa elimu. Mwenye bweni kama hilo hupoteza usiku alichokipanda mchana.

Juu ya fimbo, mwalimu alisoma polepole, kama mtu anayesoma hukumu yake. Sheria ya nchi haikuiondoa. Kanuni zilizotungwa mwaka 1979 na kurekebishwa baadaye zimempa mkuu wa shule mamlaka juu yake, kwa mipaka. Lakini ubongo hausomi kanuni. Hofu inapoingia, sehemu ndogo iitwayo amigdala huushtua mwili wote, na sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ndiyo ya kufikiri na kupanga, hulegea katika kazi yake. Ubongo wenye hofu hujifunza, na hujifunza sana; lakini hujifunza kile kinachotisha. Mtoto atamkumbuka mwalimu, sauti yake, upande wa chumba aliposimama na harufu ya chaki. Hesabu ya saba mara nane haimo katika orodha hiyo.

Jambo la kumfariji alilipata katika nyumba yao wenyewe. Bibi yake mzaa baba alijifunza kusoma akiwa ameshajukuu. Wakati wa sensa ya 1967 takriban theluthi mbili za watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akaufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata wazee walikaa juu ya viti vya watoto, kalamu mkononi. Bibi alisoma pole pole, akifuata herufi kwa kidole, na watu walimcheka. Mwaka 2010 Stanislas Dehaene na wenzake walitangaza uchunguzi waliowafanyia watu wa Brazili na Ureno, na kati yao walikuwamo waliojifunza kusoma ukubwani. Katika vichwa vya hao pia, sehemu ya ubongo iliyo chini upande wa kushoto, kwa nyuma, ilikuwa imejifunza kuitika herufi. Kidole kile cha bibi, basi, kilikuwa kikichimba mfereji wa kweli.

Baada ya haya mwalimu aliibadili kazi yake, si yote, na si kwa siku moja. Kila Jumatatu hutoa maswali matatu: moja la juma lililopita, moja la mwezi uliopita, moja la muhula uliopita. Watoto huandika bila ya kufungua daftari, na hapana alama. Mara ya kwanza waliogopa, wakauliza wangapi watapigwa. Wenzake katika chumba cha walimu walisema anapoteza muda wa kumaliza silabasi, na neno lao halikuwa la upuuzi, maana mtihani wa taifa haungoji. Matokeo hayakuwa muujiza. Watoto ni themanini bado, vitabu havitoshi, na Kigoma ni miongoni mwa mikoa ambayo malaria imekaa sana. Mtoto aliyepona malaria iliyofika ubongoni huweza kurudi darasani na usikivu uliopungua, wala maswali matatu ya Jumatatu si dawa ya jambo hilo. Lakini karatasi nyeupe zilipungua.

Mwanzoni mwa mwaka mmoja mrina asali alikuja shuleni, amevaa shati safi, ameshika mkono wa binti yake wa kuandikishwa darasa la kwanza. Alimwamkia mwalimu kama kawaida. Mwalimu alikuwa na neno la kumwambia, alilokuwa amelitunza kwa miaka. Lakini foleni ya wazazi ilikuwa ndefu, na neno lile halikutoka. Aliandika jina la mtoto kwa mwandiko mzuri kuliko majina mengine.

Katika juma la sita mwalimu alimsimamisha binti huyo akamwuliza, kwa Kiswahili kisha kwa Kiha, mche wa maharage walioupanda ndani ya kopo na kuuficha chini ya meza ulikuwaje walipoutoa. Mtoto alinyamaza. Mikono ishirini ilinyanyuka, na vidole vikaanza kulia. Mwalimu aliishusha mikono yote kwa ishara ya kiganja. Mtoto aliitazama sakafu, akatazama dirisha, na mwalimu akangoja. Akahesabu moyoni mpaka kumi, akapita kumi. Nyuma mtu alicheka, akanyamazishwa. Kisha binti wa mrina asali akainua uso, akaanza kusema, nusu kwa Kiha na nusu kwa Kiswahili, ya kuwa majani yalikuwa na rangi ya manjano, na shina lilikuwa refu na jembamba, limepinda kuelekea upande ule ulioachwa wazi.